Tupeane uzoefu: Shingo inayouma siku zote, ukizama kwenye jambo unaisikia?

ShingoNgumu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Shingo inanisumbua tangu nianze uhasibu. Ni upande wa kulia, inapanda hadi nyuma ya sikio. Nimepiga eksirei, hakuna cha ajabu.

Kinachonishangaza ni hiki. Nikiwa nafanya usuluhisho wa benki, nawinda tofauti iliyojificha kwenye mistari ya Excel, shingo siisikii kabisa. Tofauti ikipatikana, nikijinyoosha tu kwenye kiti, inarudi na riba. Lakini mwisho wa mwezi hesabu ni zilezile, ila bosi amesimama nyuma yangu anauliza "bado?" Siku hiyo inakaza mpaka kugeuka nageuza mwili mzima.

Ni mimi tu? Dawa tuziache, nyuzi zake zipo tele. Nataka kujua ukiwa umezama kwenye kitu maumivu yanakuwaje, na kitu chenyewe ni kipi.

MsusiMwananyamala
Umenigusa. Rasta za kichwa kizima zinakula nusu siku, shingo imeinama muda wote. Akija mteja mwenye stori, siku inakwenda. Ila siyo stori yoyote! Kuna mmoja alikuwa ananipa kesi ya shamba la shangazi yake kule Mkuranga: nani kauza, nani kaghushi sahihi, mtoto wa mke wa pili katokea wapi. Ilibidi nifuatilie nisichanganye majina, maana alikuwa ananiuliza, "Sasa hapo dada ungekuwa wewe?" Sikusikia kitu mpaka namchovya ncha kwenye maji ya moto.

Mteja akisinzia nabaki na redio, nyimbo zote nazijua, na hapo begani panaanza kuwaka. Watu husema muziki unasaidia. Kwangu hapana.

SemiYaTunduma
Mimi ni dereva wa masafa. Nashuka mlima Kitonga na shaba ya Zambia mgongoni, gia nzito, breki ya injini inanguruma, kwenye kioo cha kulia kuna basi linataka kupita konani, utingo kanyamaza kimya. Shingo haipo! Nafika Ruaha Mbuyuni, nazima gari, wauza vitunguu wanakuja dirishani. Nageuza kichwa niwajibu, mama yangu! Natamani nijibu bila kuangalia.

Ila kule tambarare za Chimala hadi Igawa, saa nane mchana, barabara imenyooka na huna la kuwaza, inauma mwanzo mwisho.

MzeeWaHoja
Samahanini vijana. Kama umbea wa mteja unaondoa maumivu, basi hayakuwepo. Mnajidekeza.

FizioMoro
Shikamoo mzee. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo. Hoja yako wagonjwa wangu huambiwa na ndugu zao, wengine hunisimulia huku wanalia, kwa hiyo naomba niijibu kwa kirefu kidogo.

Habari ya maumivu haipandi moja kwa moja hadi kichwani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na ubongo wenyewe unaweza kuagiza libanwe. Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwawekea watu joto la kuumiza mkononi huku wakiwapa zoezi la kumbukumbu, mara jepesi, mara gumu. Wakapiga picha uti wa mgongo sehemu ya shingoni, kwa sababu ndiko neva za mkono zinakoingilia. Zoezi lilipokuwa gumu, ishara ya maumivu ilipungua hukohuko kwenye uti, kabla ya kufika ubongoni. Walipowapa dawa inayozima kemikali za mwili zilizo jamii ya mofini, nafuu nayo ikapungua. Sasa mzee, kudeka hakuonekani kwenye picha ya uti wa mgongo.

Hao walikuwa watu wazima wa afya. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo neva mara nyingi zimekuwa nyepesi kushtuka. Tuna kifaa cha kubonyezea msuli kati ya shingo na bega. Unaongeza nguvu taratibu hadi mgonjwa aseme "hapo." Wenye shingo sugu wengi husema mapema. Mpe kazi ya kutoa 7 kutoka 300, aendelee kushuka huku unabonyeza, na baadhi yao watavumilia zaidi. Baadhi! Mwenye hofu kwamba shingo itakatika atafika 286, kisha anarudi kusikilizia mkono wangu.

Ndiyo maana bosi wa mwanzisha uzi anaharibu mambo. Akili ina kazi, sawa, lakini ina tishio pia, na mabega yamepanda masikioni.

MzeeWaHoja
Marahaba. Hiyo ya picha nimeisikia. Nipo nasoma.

KeteSitiniNaNne
Huku Unguja mie dawa yangu bao. Kwenye namua, ule mwanzo wa mchezo wa kuingiza kete za mkononi, bado naisikia, maana namua mkono unakwenda wenyewe. Kete za mkononi zikiisha tukaingia mtaji, nahesabu kete zitaanguka wapi, nikizunguka zitalala shimo gani, na mwenzangu atanila vipi, basi maumivu yashaniaga. Balaa ni kwamba bao lenyewe linachezwa umeinama. Magharibi yote raha, baada ya isha natafuta mto wa kulalia siupati.

FizioMoro
Hapo umegusa penyewe. Kutosikia hakumaanishi shingo inapumzika, na aliyezama husahau hata kujigeuza. Kila duru ikiisha simama, zungusha mabega, ndipo mpange kete upya. Dada msusi naye, kila fungu la rasta likiisha, nyoosha mgongo hata kama kesi ya Mkuranga imenoga.

Na jamani, mkono ukifa ganzi, kikombe kikianza kukuponyoka, miguu ikikosa nguvu, mkojo ukishindwa kuubana, au maumivu yakianza baada ya ajali au pamoja na homa, hapo hakuna bao wala stori. Hospitali.

MsusiMwananyamala
Nyongeza: simu hainisaidii usiku. Navuta vivideo kimoja baada ya kingine, akili haifanyi kazi yoyote na shingo imepinda. Bora nikae nipige hesabu ya vikoba, nani kalipa hisa na nani anadaiwa. Nikifika kwa wadaiwa sugu nimeshasahau kilichonikosesha usingizi.

ShingoNgumu
Kumbe nikija kwako kusuka unanidai na hesabu 😂

LindoLaUsiku
Nimesoma uzi wote. Mimi ni mlinzi, lindo la peke yangu, jaketi zito na shingo inauma kuanzia saa saba usiku. Redio hairuhusiwi, kulala hairuhusiwi, wa kupiga naye stori hakuna ila paka. FizioMoro, hiyo ya kutoa 7 nimeijaribu jana, nilifika chini haraka. Ipo ngumu zaidi ya hapo?

FizioMoro
Ipo. Anza na 1000, toa 13. Na uwe unatembea getini huku unahesabu, usisimame.