Great Allegheny Passage, Pittsburgh hadi Cumberland: tairi la 28 linatosha? Na tuanzie upande gani?

spoku_32

Wakuu, heshima kwenu. Tuko watatu, tunataka kupanda Great Allegheny Passage yote, ile njia ya baiskeli ya Marekani iliyojengwa juu ya reli ya zamani kati ya Pittsburgh (Pennsylvania) na Cumberland (Maryland), kilomita 240, wiki ya mwisho ya Septemba. Tuna siku tatu, na usiku tutalala vyumbani, hatubebi hema. Baiskeli mbili ni haibridi zenye tairi la milimita 38 na breki za diski. Ya tatu ni ya barabarani, tairi la 28, breki za rimu. Kila mtu ana mzigo wa kilo 8 hadi 10 kwenye keria.

Naomba kujua: hilo tairi la 28 litaiweza njia ya changarawe? Tuanzie Pittsburgh au Cumberland? Maji tunayapata wapi? Na kwa kuwa njia imepita kwenye migodi na viwanda vya chuma vya zamani, ni vitu gani vinaonekana bila kuiacha njia?

kokoto_laini

Mkuu, tairi kwanza, maana ndilo litakaloamua mengine.

Hiyo si changarawe ya mawe makubwa. Ni mawe ya chokaa yaliyosagwa hadi punje ndogo na unga, yakashindiliwa juu ya tuta la reli. Ikiwa kavu inabana kama sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri, na tairi la 28 linapita bila taabu. Kutoka Pittsburgh hadi karibu na McKeesport sehemu kubwa ni lami. Shida inaanza mvua ikinyesha siku nzima. Ule unga wa juu unageuka uji mzito, tairi jembamba linazama na kuchimba mfereji, na mpandaji anatumia nguvu nyingi kwenda mwendo uleule. Mwenye tairi la 38 hupita juu ya uji huo.

Kwa hiyo pimeni nafasi kwenye fremu na chini ya breki. Kama tairi la 32 linaingia na bado kuna milimita 4 kila upande, badilisheni. Kama nafasi ni finyu, bakini na 28: tairi nene lisilo na nafasi linakusanya uji chini ya breki na kuusugua hadi gurudumu linagoma.

Upepo, kwa mtu wa kilo 75 na mzigo huo: tairi la 28 lipewe PSI (kipimo cha presha) 65 mbele na 75 nyuma, la 38 lipewe 40 mbele na 45 nyuma. Msishushe zaidi kwenye 28. Mzigo wote uko nyuma, na mkigonga ukingo wa daraja au wa lami, tyubu itang'atwa na rimu. Mtaijua kwa matundu mawili yaliyo sambamba. Hapo kiraka kimoja hakitoshi, na tatizo ni upepo mdogo, si mwiba.

Sasa breki za rimu. Unga wa chokaa uliolowa unafanya kazi ya msasa. Bebeni jozi mbili za raba za akiba kwa baiskeli hiyo. Kila jioni mzitazame raba: mkiona vipande vidogo vya alumini vinang'aa ndani, vitoeni kwa ncha ya kisu, la sivyo vitaichana rimu. Kwa zile za diski, kama pedi ni za kawaida na zimebaki chini ya milimita 1.5, wekeni mpya za metali kabla ya safari, kwa sababu pedi laini huisha haraka kwenye uji wa mawe.

Cheni: futeni kwa kitambaa kila jioni, tone moja la oili kwenye kila kiungo, subirini dakika kumi, kisha futeni tena ile iliyobaki nje. Cheni inayong'aa kwa oili nje inakusanya unga wote wa njia. Mkiosha baiskeli, mwagieni maji kwa ndoo au chupa. Pampu ya presha inasukuma unga ndani ya beringi.

Kuhusu upande, mimi nashauri Pittsburgh. Mpando ni mdogo mno: kutoka mita 219 hivi juu ya usawa wa bahari hadi mita 729 kwenye kilele, ukiwa umetandazwa kwenye kilomita 203. Kisha mnateremka kilomita 38 hadi Cumberland. Mgawanyo mzuri wa siku tatu ni Connellsville (kama kilomita 98), Rockwood (72), Cumberland (71). Siku ya kwanza ni ndefu lakini ndiyo tambarare kuliko zote.

tuta_la_reli

Kwenye tairi na breki nakubaliana na mkuu hapo juu neno kwa neno. Kwenye upande, hapana.

Anzieni Cumberland. Mpando wa kilomita 38 una wastani wa asilimia 1.4, na hakuna mahali unapokuwa mlima wa kweli, kwa sababu garimoshi la mizigo halikuweza zaidi ya hapo. Kwa giya za kawaida mnakwenda kilomita 12 hadi 14 kwa saa, kwa mwendo wa kama saa tatu mko juu, asubuhi, miguu ikiwa mipya. Mkiianzia Pittsburgh, sehemu kali zaidi ya upande ule, kutoka Meyersdale hadi kilele, inawakuta siku ya tatu. Tena mkitoka Cumberland mnafuata maji yanavyokwenda: kijito cha mlimani, mto Casselman, Youghiogheny, mwisho Monongahela na viwanda vyake. Hiyo ndiyo historia yenyewe: makaa ya mawe yalitoka milimani, chuma kikayeyushwa mtoni.

Ila msidanganywe na neno "mteremko" upande wa Pittsburgh. Umelala kiasi kwamba mkiacha kupiga pedali, changarawe inawasimamisha. Na hili wengi hawalitegemei: njia ya reli haina milima, kwa hiyo haina mapumziko. Unakaa mkao mmoja, nguvu ileile, saa nzima. Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, makalio yanaungua. Kila dakika kumi simameni juu ya pedali kwa nusu dakika, na badilisheni pa kushika usukani. Tandiko likiinamia mbele kidogo tu, uzito unahamia mikononi. Lisawazisheni kwa pima maji kabla hamjaondoka nyumbani, si njiani.

bonde_la_yough

Niongezee maji na viwanda, maana vinahusiana.

Kati ya Connellsville na Ohiopyle kuna kama kilomita 27 za msitu bila duka. Kipande cha kwanza cha njia kilifunguliwa mbele yake, kati ya Ohiopyle na Confluence, mwaka 1986. Kila mtu aingie na lita mbili. Sehemu nyingine miji inafuatana vizuri: West Newton, Connellsville, Ohiopyle, Confluence, Rockwood, Meyersdale, Frostburg. Simu inapoteza mtandao mara kwa mara kuanzia Ohiopyle kwenda juu, kwa hiyo pakueni ramani mapema.

Msichote maji ya vijito, hata mkiwa na chujio. Kwenye bonde la chini la Youghiogheny mtaona maporomoko madogo kando ya njia ambayo mwamba wake ni mwekundu kama kutu, na kweli ni kutu. Migodi ilipoachwa, maji yaliijaza. Madini ya salfa na chuma yaliyomo kwenye tabaka za makaa yakikutana na maji na hewa hutoa asidi, chuma kinayeyuka humo, kisha maji yakitoka nje kwenye hewa chuma kinaganda juu ya mawe. Chujio la kubeba linazuia vijidudu. Metali iliyoyeyuka inapita.

Tanuri za koki ziko Adelaide, kidogo nje ya Connellsville upande wa Pittsburgh. Zimefunikwa na miti, mwendo wa haraka utawapitisha bila kuziona. Ni safu ya matao ya matofali ndani ya tuta, umbo la mzinga wa nyuki. Makaa yaliunguzwa humo siku mbili hadi tatu kwa hewa kidogo mno, ili gesi na lami vitoke na kubaki koki ya kuyeyushia chuma. Msiingie ndani, matofali ya juu yamelegea.

Homestead ndiko pa kukaa muda. Njia inapita kwenye jengo la pampu ambako Julai 6, 1892 wafanyakazi waliogoma walipambana na walinzi wa kukodiwa wa kampuni ya Pinkerton waliofika kwa majahazi. Kiwanda cha chuma cha hapo kilifungwa 1986, na mabomba yake 12 ya moshi bado yamesimama karibu na maduka. Ng'ambo ya mto mtaona matanuri ya kuyeyushia chuma ya Carrie, namba 6 na 7, ya mwaka 1907. Kuyaingia ni kwa ziara yenye mwongozaji tu, na daraja la kwenda huko ni la magari, kwa hiyo liwekeni siku nyingine. Mkikaribia mjini mnavuka Hot Metal Bridge. Jina hilo si pambo: chuma kilichoyeyuka kilivushwa hapo kwa reli kutoka matanuri ya Eliza hadi viwanda vya ng'ambo.

spoku_32

Asanteni sana wakuu. Fremu ya barabarani inameza 30 tu, tutaweka hiyo na raba za akiba. Tumeamua kuanzia Cumberland. Mawili ya mwisho: mahandaki yanahitaji taa? Na tukiacha gari Pittsburgh, tunafikaje Cumberland na baiskeli?

tuta_la_reli

Taa, ndiyo, mbele na nyuma. Handaki la Big Savage lina urefu wa mita 1,004 na lina taa zake, lakini Borden, linalofuata baada ya Frostburg mkitokea Cumberland, ni giza tupu. Vueni miwani ya jua kabla ya kuingia, na vaeni koti hata kama nje kuna joto. Brush mnalitumia pamoja na treni ya watalii: mkisikia honi, subirini nje. Ninyi mko salama na tarehe zenu, ila kwa atakayesoma baadaye: Big Savage hufungwa kwa milango kuanzia Desemba hadi Aprili ili maji yanayovuja yasigande na kupasua kuta, na hakuna njia rahisi ya kulizunguka.

Treni ya Amtrak inasimama Pittsburgh, Connellsville na Cumberland, moja tu kwa siku kila upande. Inayokwenda Cumberland huondoka Pittsburgh alfajiri sana. Nafasi ya baiskeli inalipiwa peke yake na ni chache, kwa hiyo kateni tiketi tatu za watu na tatu za baiskeli kwa pamoja. Mkikosa, ziko gari ndogo za kukodi zinazobeba wapanda baiskeli. Waulizeni mapema kama keria yao inashika fremu au gurudumu. Ikiwa inashika gurudumu, vueni madigadi ya mbele.