Kuta za ndani za jiko la sukari guru nizimalizieje?

Mwana_Kamuli: Wakuu habari, nina jiko la kuchemshia juisi ya miwa huku Kamuli, kuta ni tofali za kuchoma, juu mabati. Tukiwasha moto mvuke unajaa mpaka hatuonani, unageuka maji kwenye mabati unatudondokea tena kwenye karai. Fundi anataka nipige plaiwudi ndani na sponji nyuma yake, nikubali?

FundiJinja: Usikubali ndugu yangu. Juisi ya miwa sehemu kubwa ni maji na karibu yote yanatoka kama mvuke, yakiingia nyuma ya plaiwudi hayakauki, mbao inavimba, kuvu inaota, na hiyo sponji karibu na tanuri ni moto unaosubiri. Anza na paa kwanza! Fungua mgongo wote wa paa pale juu katikati, uweke kakifuniko juu kuzuia mvua, na chini uache matundu hewa iingie. Ukuta piga lipu ya simenti laini mpaka usawa wa kifua, hapo ndo juisi inarukia, juu yake chokaa tu.

MamaMiwa: Chokaa kweli, ukuta unapumua, mi napaka upya kila msimu. Rangi ya mafuta ilinibanduka vipande vikaanguka kwenye sukari, nililia siku hiyo.

Mwana_Kamuli: Asante sana mzee, asante mama. Na pale nyuma ya tanuri?

FundiJinja: Udongo wa kichuguu, simenti itapasuka na joto.