Filamu za Hepburn usiku wa baridi Kabale: sigiri ndani au la?

Mpenda Zilipendwa: Habari zenu. Julai hii tunataka kuonyesha filamu za waigizaji wa zamani wa Hollywood, Katharine Hepburn na Ingrid Bergman, sebuleni, Kabale. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Sigiri ndani inafaa? Na ile filamu ya Hepburn ya mashua, ni kweli ilipigwa Uganda?

Fundi Projekta: Sigiri ibaki nje, ndugu yangu. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, ndipo watu hudanganyika. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina harufu wala rangi, na madirisha yakifungwa watu husinzia wasiamke. Chemsheni maji nje, mjaze chupa za moto, mzifunge kwa kitambaa na kuziweka miguuni. Mkeka chini kwanza, blanketi juu yake, maana sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili. Projekta ikitoka kwenye baridi, iacheni ndani ya mfuko wake nusu saa kabla ya kuiwasha, la sivyo lenzi itapata ukungu.

Bibi Sinema: Ni kweli. Ile ya mashua ni The African Queen, 1951: Butiaba kwenye Ziwa Albert, maporomoko ya Murchison, na upande wa Kongo. Ila zile sehemu wanazoingia majini zilipigwa studio Uingereza, kwa kuhofia maradhi. Hepburn aliugua vibaya tumbo. Mwigizaji mwenzake Bogart na mwongozaji Huston, waliokuwa wakinywa wiski, hawakuugua! Lauren Bacall, mke wa Bogart na mwigizaji pia, naye alikuwepo kambini, ingawa hakuigiza.

Mpenda Zilipendwa: Asante, Bibi. Chai ya tangawizi itakuwepo.