Transfoma ya bei nafuu au yenye upotevu mdogo? Naomba ushauri

Mwenye Karakana, Changamwe
Assalam aleikum. Karakana yetu ya mbao inahitaji transfoma ya kVA 500 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) ya kushusha volti 11,000 hadi 415, na kwa kuwa mita iko upande wa volti kubwa, umeme unaopotea ndani ya transfoma tutaulipa sisi. Nimeletewa bei mbili. Ya kwanza hupoteza wati 1,000 bila mzigo. Ya pili, yenye kiini cha chuma bora zaidi, hupoteza wati 400, lakini bei yake imezidi kwa shilingi 450,000. Kwa mzigo kamili, waya za zote mbili hupoteza wati 5,500. Tunafanya kazi mchana tu, na mzigo wetu ni kama theluthi ya uwezo huo. Je, nyongeza hiyo itarudi?

Fundi wa Shimanzi
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Itarudi. Kiini hupoteza umeme usiku na mchana, hata misumeno ikiwa imezimwa, kwa hiyo tofauti ya wati 600 kwa saa 8,760 za mwaka ni yuniti 5,256. Ukikadiria shilingi 20 kwa yuniti (weka bei ya bili yako mwenyewe), utaokoa takriban shilingi 105,000 kila mwaka, na fedha zako zitarudi baada ya miaka minne na ushei, ilhali transfoma iliyotunzwa vizuri hudumu zaidi ya miaka 20. Upotevu wa waya hufuata mraba wa mzigo: kwa theluthi unabaki sehemu moja ya tisa, yaani wati 611 hivi. Ndiyo maana, kwa matumizi yako, shilingi ya ziada iende kwenye chuma cha kiini, si kwenye kuongeza shaba ya waya.

Mhandisi, Nyali
Nakubaliana na fundi, ila kwa nini kVA 500? Ya 315 ingepunguza bei na upotevu wa kiini kwa pamoja, mradi ihimili mkondo wa kuwashia mota za misumeno. Dai pia cheti cha vipimo vya transfoma yenyewe, kwa sababu kiwango cha kimataifa cha transfoma, IEC 60076, huruhusu upotevu wa kiini kuzidi ahadi ya muuzaji hadi asilimia 15.

Mwenye Karakana, Changamwe
Ahsanteni sana. Kuhusu ukubwa, tunakusudia kuongeza tanuri la kukaushia mbao, litakalowaka usiku kucha. Hata hivyo, nitapima kwanza mkondo wa mota, kisha niwaombe wauzaji wote wawili bei ya kVA 315 yenye kiini kile bora.