Kahawa ya asubuhi na watoto mkononi: moka, presi au dele?

Mama Pacha, Fuoni
Assalaam aleikum. Naomba ushauri wa wanaoijua kahawa. Nyumbani kuna pacha wa miezi saba wanaonyonya, na mkubwa anayetoka kwenda skuli saa 12 na nusu. Jiko ni la gesi la pleti mbili, na asubuhi pleti moja ina uji. Umeme hauaminiki, kwa hiyo mashine ya umeme sitaki. Nahitaji vikombe viwili vikubwa, changu na cha baba watoto. Dele lipo, ila linataka mtu wa kulichunga. Dukani nimeona moka ya "vikombe 3", ile ya kuweka motoni maji ya chini yakapanda juu kupitia kahawa, na presi ya kioo, ile ya kuloweka kahawa kisha ukasukuma wavu. Nichukue ipi?

Kinu na Mchi
Waaleikum salaam. Chukua presi, lakini si ya kioo. Tafuta ya steli yenye kuta mbili. Sisemi hivyo kwa ajili ya ladha. Moka ikianza kukoroma lazima uwe pale uiepue. Ukiwa unabadilisha nepi, kahawa inaungua, na maji ya chini yakikauka mpira nao unakwenda. Presi haina moto: ukishatia maji, ondoka.

Maji nusu lita, kahawa gramu 30, yaani kama vijiko sita vya kulia vya kusawazisha. Maji yakichemka yaache nusu dakika, mimina, koroga mara moja, weka kifuniko bila ya kusukuma. Baada ya dakika 4 sukuma taratibu. Ikigoma usitie nguvu. Ivute juu kidogo, kisha endelea. Hugoma kwa sababu kahawa ni laini mno na imeziba wavu, na anayelazimisha hurukiwa na maji ya moto. Unga uliosagwa kwa ajili ya dele haufai hapa. Mwambie muuzaji akusagie chengachenga, kama chumvi ya mawe.

Wengi huharibu mwishoni. Kahawa ikibaki ndani ya presi, mashapo yanaendelea kutoa uchungu hata kama umeshasukuma. Imimine yote kwenye chupa ya chai uliyoisuuza kwa maji ya moto. Tangawizi ya kuponda na iliki mbili tatu zitie pamoja na kahawa.

Baraza la Chake
Moka naitetea kidogo, maana kwa nguvu presi haiifikii. Ila hiyo ya "vikombe 3" ni vikombe vya finjani, jumla yake kama mililita 150 tu. Kwa watu wawili nunua ya 6, kisha ongeza maji ya moto au maziwa. Maji yaishie chini ya vavu, kile kitundu cha kutolea mvuke, kahawa ijae kikapuni bila ya kushindiliwa, moto uwe mdogo usiotoka nje ya kitako, la sivyo mkono wa plastiki utayeyuka. Viungo vya unga usivitie kwenye maji ya chini hata siku moja.

Na maji yetu ya visima yana chokaa, ndiyo ile nyeupe inayoganda kwenye birika. Ikiziba vavu, mvuke unakosa pa kutokea, na hapo pana hatari hasa. Kila baada ya muda chemshia maji yenye siki bila ya kahawa, halafu suuza.

Shangazi wa Mkoani
Mwanangu, kabla ya chombo tazama buni. Zipo aina mbili: ya Bukoba nyingi ni robusta, na kafeini yake, ile inayoondoa usingizi, ni karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mama anayenyonyesha asipite miligramu 200 kwa siku. Sasa piga hesabu: gramu 15 za arabika, kipimo cha kikombe chako kimoja hapo juu, zina kama miligramu 180. Za robusta hupita 300. Si zote zinazotoka kwenye maji, lakini na chai ya jioni nayo imo kwenye hesabu. Chukua arabika, unywe kikombe kimoja, tena mara tu baada ya kunyonyesha. Watoto wadogo hawaitoi haraka mwilini.

Mama Pacha, Fuoni
Ahsanteni. Shangazi, arabika basi. Je, maji naweza kuyachemsha usiku nikayaweka kwenye chupa ya chai?

Kinu na Mchi
Hapana. Hadi alfajiri yameshapoa mno, kahawa itatoka nyepesi na chachu. Usiku pima tu kahawa uiweke kavu ndani ya presi, funika unyevu usiingie, na birika lijae maji likisubiri kuwashiwa.

Ukitaka usiguse moto kabisa, gramu 60 za chenga kwenye nusu lita ya maji baridi, friji kwa muda wa saa 12, kisha chuja kwa kitambaa safi. Ni nzito, ichanganye na maji nusu kwa nusu. Umeme ukikatika usiku, usifungue mlango wa friji tu.

Na chupa ya kahawa iwe mbali na ya chai ya maziwa. Harufu ya maziwa hukaa kwenye mpira wa kifuniko, sabuni haiiondoi.