Masahihisho ya tasnifu ya umahiri: watahini wanapingana, nianzie wapi?

binti_wa_mjini
Habari zenu wakuu. Ripoti za watahini zimetoka. Nimepita kwa sharti la masahihisho, muda ni miezi mitatu. Mada ni mwingilianomatini (matini moja kuchota kutoka matini nyingine) katika misemo ya kanga. Data ni kanga 60 na usaili wa watoataarifa 12. Mtahini wa ndani anasema nadharia "haionekani Sura ya Nne", yaani kwenye uchambuzi wa data. Wa nje anataka niongeze nadharia ya pili. Wote wawili wamehoji sampuli, maana nilitumia fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Msimamizi yuko safarini na barua pepe anajibu kwa kuchelewa. Nianze na lipi?

kalamu_ya_mkaa
Usiguse tasnifu kwanza. Fungua faili jipya, tengeneza jedwali la masahihisho lenye safu tano: namba, hoja ya mtahini, ulichofanya, kifungu, ukurasa. Hoja inakili kwa maneno yake mwenyewe, usiifupishe. Aya moja ya ripoti mara nyingi imebeba hoja tatu, kwa hiyo itenganishe iwe mistari mitatu. Safu ya ukurasa iache tupu mpaka siku ya mwisho, kwa sababu ukiongeza aya mbili Sura ya Pili, kurasa zote za mbele zinasogea.

Kinachorudisha watu nyuma ni kuandika "Imerekebishwa" mistari yote. Anayehakiki hana pa kushika. Andika hivi: "Kifungu 3.4, aya ya pili imeandikwa upya. Fomula imeondolewa na vigezo vya uteuzi vimeelezwa." Akifungua hapo aone.

Kuhusu kupingana, mimi sioni kama wanapingana sana. Wote wanasema nadharia yako haifanyi kazi. Mmoja anataka uifanyishe kazi, mwingine anataka uitafutie msaidizi. Ukiongeza ya pili wakati ya kwanza imelala, utakuwa na mbili zilizolala. Ifanyishe kazi ya kwanza, halafu kwenye mstari wa mtahini wa nje eleza kwa nini inatosha kwa malengo yako. Hoja ya mtahini unaweza kuikataa kwa sababu, kuinyamazia huwezi. Ila soma vizuri kama ameandika "lazima" au "inashauriwa", na kama kuna maamuzi ya jopo, hayo ndiyo yanayotangulia. Mtumie msimamizi swali hilo moja tu, lijibike kwa ndiyo au hapana, na jibu lake ulitunze.

mwl_pambizo
Nakazia hapo kwenye nadharia, maana ndiko kazi ilipo.

Chukua kanga yenye "Wema hauozi". Uchambuzi dhaifu unasema: "Msemo huu unafundisha jamii kutenda wema." Hiyo ni tafsiri ya methali, nadharia haimo. Kwa Julia Kristeva, mwasisi wa nadharia ya mwingilianomatini, matini humeza matini nyingine na kuigeuza. Basi onyesha vyote viwili. Kilichomezwa: methali nzima, bila kutaja chanzo, kwa kuwa msomaji anaijua. Kilichogeuzwa: methali haikuwa na msemaji maalumu, lakini ikishavaliwa inapata msemaji (aliyeivaa), na pengine mlengwa (jirani, wifi, mke mwenza). Hekima ya wote imekuwa ujumbe wa mtu kwa mtu. Hapo ndipo nukuu ya mtoataarifa inapoingia, kuthibitisha nani alimvalia nani. Orodhesha mihimili ya nadharia Sura ya Pili, kisha kila kundi la data Sura ya Nne liseme linaelezwa na muhimili upi. Muhimili usiopata data yoyote, uondoe.

Sasa Yamane. Fomula ni n = N ÷ (1 + Ne²): n ni sampuli, N ni idadi ya kundi zima, e ni kosa linaloruhusiwa. Kundi la watu 400 na kosa la 0.05 linakupa 400 ÷ 2, yaani 200. Ili ikupe 12, kundi zima liwe na watu 12 hivi, na hapo ungewasaili wote tu. Isitoshe fomula hiyo inahusu sampuli nasibu kutoka kundi linalojulikana idadi, kwa utafiti wa kiidadi. Wewe uliwachagua watu kwa sababu wanajua kanga. Huo ni usampulishaji lengwa. Futa fomula na marejeleo yake, kisha eleza vigezo: nani, umri gani, kwa nini yeye, na ulijuaje kuwa 12 wametosha (mfano, usaili wa mwisho haukuleta jambo jipya). Kanga 60 nazo zinahitaji maelezo yao: zilipatikana wapi, za kipindi gani, zipi ziliachwa.

Na viambatisho viangalie. Vibali vya mkoa na wilaya viwepo, lakini orodha ya watoataarifa yenye majina na namba za simu itoe. Weka MT1 hadi MT12 (MT ni mtoataarifa).

fundi_faili
Kwenye faili lenyewe: pendekezo la utafiti huwa linaacha masalia. Tafuta "utatumia", "zitakusanywa", "watasailiwa" na ndugu zao, ugeuze kuwa wakati uliopita.

Kama unatumia Zotero, ile programu ya marejeleo, itakuandikia "and" na "et al." katikati ya Kiswahili. Maliza marejeleo yote, hifadhi nakala, kwenye nakala hiyo bonyeza Unlink Citations ili marejeleo yawe maandishi ya kawaida, ndipo ubadilishe "and" kuwa "na" moja moja. Ukibadilisha zote kwa mkupuo, vichwa vya vitabu vya Kiingereza vitaharibika. Ctrl+Shift+F9 kwa faili zima usiitumie, inakata hadi kiungo cha Yaliyomo, hayatasasishika tena.

Turnitin, mfumo wa kukagua ufanano wa maandishi, ikikupa asilimia 90, usishtuke kabla hujaona chanzo. Mara nyingi ni rasimu yako ya awali iliyohifadhiwa kwenye mfumo. Omba chanzo hicho kiondolewe kwenye hesabu.

binti_wa_mjini
Asanteni sana, nimeelewa. Fomula naitoa leo. Namba za kurasa je? Nikiweka za Kirumi kwenye kurasa za mwanzo, Sura ya Kwanza nayo inakuwa Kirumi.

fundi_faili
Umetumia mkato wa ukurasa. Unatakiwa mkato wa sehemu (section break). Weka kishale mwisho wa ukurasa unaotangulia Sura ya Kwanza, kwenye Word fungua Layout, Breaks, Next Page. Ingia kijachini (footer) cha Sura ya Kwanza, uzime Link to Previous, ndipo uchague namba za kawaida na kuanza na 1. Usipoizima, ukibadili huku, na kule kunabadilika. Baadaye Ctrl+A, F9, uchague kusasisha jedwali lote la Yaliyomo. Sasa ndiyo ujaze ile safu ya ukurasa.

Steshenari peleka PDF, siyo faili la Word. Kompyuta yao ikikosa fonti yako, kurasa zinahama na jedwali la masahihisho linakuwa uongo. Chapa nakala moja kwanza, hakiki pambizo ya kushoto dhidi ya mwongozo wa chuo kwa sababu jalada gumu linaimeza, na ukurasa wa Uthibitisho usainiwe kabla ya kujalidi.