Tupeane uzoefu: Uliyeandika seva ya wavuti mwenyewe kuanzia kwenye soketi, ulijifunza nini?

#1
Wakuu, salaam. Nawaita hasa wale waliowahi kuweka kando fremuweki zote (misimbo iliyoandaliwa tayari na wengine) wakaandika seva, yaani programu inayovipa vivinjari kurasa, kwa mkono wao.

Yangu niliiandika kwa C kwenye Linux. Ukisikia seva unadhani ni dude kubwa, kumbe pa kuanzia ni miito minne tu kwa mfumo wa uendeshaji: socket (kufungua soketi, yaani mlango wa mawasiliano ya mtandao), bind (kuipa anwani), listen (kusikiliza), accept (kumpokea mteja). Baada ya hapo unasoma maandishi ya kivinjari na kujibu kwa maandishi. HTTP (kanuni za mazungumzo ya kivinjari na seva) ya kwanza ya Tim Berners-Lee pale CERN, mwaka 1991, ombi lake lilikuwa mstari mmoja: GET na njia ya ukurasa, basi. Anayeanza namshauri aanzie hapo hapo.

Kilichonifundisha zaidi ni recv, mwito wa kusoma kinachoingia kwenye soketi. TCP, njia inayobeba data mtandaoni, haijui ujumbe unaanzia wapi na kuishia wapi, yenyewe inapitisha baiti kama maji ya bomba. Ukijaribu ndani ya kompyuta yako, ombi dogo huingia zima na unaamini kazi imekwisha. Jaribu kutoka kwenye simu yenye mtandao dhaifu uone ombi linavyokuja vipande vipande. Dawa yake ni kuendelea kusoma na kujaza bafa (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu) mpaka ukutane na \r\n\r\n, yaani mstari mtupu, ndipo uanze kuchambua vichwa (mistari ya maelezo iliyomo kwenye ombi la HTTP ya sasa).

Karibuni.

#2
Mkuu umegusa penyewe. Nafundisha vijana programu, na zoezi hili silikosi. Kijana mmoja seva yake ilituma maandishi matupu yaliyoishia na neno ng’ombe, kivinjari kikaonyesha ng’om. Tulihangaika nalo kweli! Ile alama ya ’ iliyopinda inachukua baiti 3 kwenye UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti. Neno lina alama 7 lakini baiti 9, naye aliita len() juu ya matini, ikahesabu alama, kabla ya encode inayoigeuza kuwa baiti, kwa hiyo Content-Length (kichwa kinachotaja idadi ya baiti za jibu) ikapungua 2. Tangu hapo Kiswahili ndicho kipimo changu cha darasani.

#3
Kwangu ilikuwa kosa la "Address already in use" (anwani bado inatumika) kila nikizima na kuwasha upya. Weka SO_REUSEADDR, mpangilio wa soketi unaoruhusu anwani itumike tena, kabla ya bind. Na tumia poti (namba ya mlango wa mtandao) 8080, maana kwa kawaida Linux haikupi poti za chini ya 1024 bila ruhusa ya root, msimamizi mkuu wa mfumo.

#4
Mimi naomba watu waangalie usalama hata kama ni zoezi tu. Seva inayounganisha folda na njia aliyotuma mteja bila kukagua itatoa hata /etc/passwd (faili la orodha ya watumiaji wa mfumo) akiandika ../ (panda folda moja juu) za kutosha. Kivinjari hakitakuonyesha shimo hilo kwa sababu chenyewe husafisha njia kabla ya kutuma. Pima kwa curl, programu ya kutuma maombi kwa amri, yenye --path-as-is ili njia itumwe kama ulivyoiandika. Kisha pitisha njia kwenye realpath inayokupa njia halisi, uhakikishe bado imo ndani ya folda yako.

#5
Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi. Seva yangu inafanya kazi, ila nikifungua muunganisho kwa nc (programu ndogo ya kuunganisha na seva moja kwa moja) nikanyamaza bila kutuma kitu, wengine wote wanakwama. Tatizo ni nini?

#1
Hongera sana kwa kulijaribu hilo, mdogo wangu, wengi hawafiki hapo. Programu yako imesimama kwenye recv ikimsubiri huyo mmoja, kwa hiyo haiwezi kurudi kwenye accept. Anza kwa kumpa kila mteja thredi yake (mkondo wake wa kazi ndani ya programu), na uweke muda wa kikomo kwenye soketi. Ukishazoea, ingia kwenye epoll, njia ya Linux ya kuangalia soketi nyingi kwa pamoja. Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika kuhusu kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja, akaliita tatizo la C10K. Ni hilo hilo lako, kwa ukubwa mwingine. Msome, halafu rudi utuambie umechagua njia ipi.